Zamiokulkasi
Zamiokulkasi (Zamioculcas zamiifolia) ni mmea wa jamii moja na magimbi, wenye majani mazito yanayong'aa kama yaliyopakwa mafuta. Asili yake ni Afrika ya mashariki na kusini, kuanzia Kenya hadi KwaZulu-Natal. Ulielezwa kitaalamu mwaka 1829. Jina la sasa ulipewa na mtaalamu wa mimea Adolf Engler mwaka 1905. Wakulima wa Uholanzi walianza kuuzalisha kwa wingi miaka ya 1990, na sasa mmea wa kwetu ni pambo la ofisi za Ulaya.

Unazifaa hasa nyumba za mawe za Kuze, Mji wa Kale wa Mombasa, ambako vichochoro ni vyembamba na jua huingia kwa taabu. Viazi vyake vya chini ya udongo huhifadhi maji, hivyo kinachouua ni maji mengi, si kiu. Changanya udongo na mchanga, ila si wa baharini wenye chumvi. Toboa chungu chini, na umwagilie udongo ukishakauka kabisa. Uani, uweke kivulini, maana jua la mchana huunguza majani. Jani dogo moja likichomekwa udongoni huota kiazi, lakini kwa miezi mingi. Sehemu zake zote zina fuwele za kalsiamu oksalati zinazowasha mdomo. Uwekwe mbali na watoto na paka.