Thessaloniki, mji unaohifadhi historia yake jikoni

Msomaji wa Biblia ya Kiswahili huufahamu mji huu kabla hajauona. Nyaraka mbili za Mtume Paulo kwa Wathesalonike waliandikiwa Wakristo wa kwanza wa Thessaloniki, bandari iliyopo kaskazini mwa Ugiriki kwenye ghuba ya Thermaikos. Waturuki huuita Selanik. Siku ya anga safi, aliyesimama ufukweni huona ng'ambo ya maji kilele cha mlima Olympus.

Mji uliasisiwa mwaka 315 kabla ya Kristo na Cassander, mtawala wa Makedonia, aliyeupa jina la mkewe Thessalonike, dada wa kwa baba wa Aleksanda Mkuu. Leo ni mji wa pili kwa ukubwa nchini Ugiriki baada ya Athens. Watalii wengi huishia Athens, wakatazama magofu, kisha wakapanda meli kwenda visiwani. Thessaloniki ina magofu machache ya aina hiyo kwa sababu haikupata kuhamwa: kwa zaidi ya miaka 2,300 watu wamejenga juu ya waliyoyakuta, na mara nyingi wameyatumia yaleyale kwa kazi mpya.

Mfano ulio wazi kuliko yote ni Rotunda, jengo la mviringo lenye kuta nene lililojengwa mwanzoni mwa karne ya 4, zama za mtawala wa Kirumi Galerius. Baadaye likawa kanisa, mwishoni mwa karne ya 16 likawa msikiti, na katika karne ya 20 likawa jumba la makumbusho ambamo ibada za Kikristo hufanyika siku chache kwa mwaka. Picha za vijiwe vya dhahabu zingali juu ya kuba, na nje ungali umesimama mnara, ndio pekee uliobaki kati ya minara ya misikiti ya mji. Hatua chache chini yake lipo Tao la Galerius, ambalo wenyeji huliita Kamara na hulitumia kama mahali pa kuahidiana kukutana. Majengo 15 ya Kikristo ya zama za mwanzo na za Bizanti yaliingizwa na UNESCO katika orodha ya urithi wa dunia mwaka 1988.

Waosmani waliutwaa mji mwaka 1430 chini ya Sultani Murad wa Pili na kuutawala kwa karibu karne tano. Wayahudi walipofukuzwa Hispania mwaka 1492, maelfu yao walipokewa hapa. Walikuja na lugha yao ya Kihispania cha kale, na vizazi vyao viliendelea kuizungumza sokoni na gatini. Kufikia mwanzo wa karne ya 20 wao ndio waliokuwa jamii kubwa kuliko zote mjini, na bandari ilipumzika siku ya Jumamosi. Waislamu, Wagiriki wa Orthodox, Wabulgaria na Waarmenia waliishi nao. Katika mji huo ndimo alimozaliwa Mustafa Kemal Atatürk mwaka 1881. Nyumba yake ya ghorofa tatu, yenye rangi ya waridi, sasa ni makumbusho ndani ya ua wa ubalozi mdogo wa Uturuki. Septemba 1955, habari za mlipuko uliotokea katika ua huo ziliwasha ghasia mjini Istanbul, ambako maduka, makanisa na nyumba za Wagiriki zilishambuliwa.

Mchanganyiko huo ulivunjika ndani ya miaka 31. Mwaka 1912 mji uliingia mikononi mwa Ugiriki. Agosti 1917 moto ulioanzia katika nyumba moja uliteketeza sehemu kubwa ya katikati ya mji na kuwaacha zaidi ya watu 70,000 bila makao. Mfaransa Ernest Hébrard ndiye aliyeongoza kuchora ramani mpya, na uwanja mpana wa Aristotelous unaofungukia baharini ni matunda ya kazi hiyo. Januari 1923, huko Lausanne, Ugiriki na Uturuki zilitia saini mkataba wa kubadilishana watu. Kipimo kilikuwa dini, si lugha. Mkristo wa Kapadokia aliyezungumza Kituruki tangu utotoni alihesabiwa kuwa Mgiriki, na Mwislamu wa Krete aliyezungumza Kigiriki alihesabiwa kuwa Mturuki. Wakristo wapatao milioni 1.2 waliingia Ugiriki, wengi wao wakiwa wamekwisha kukimbia vita. Waislamu karibu 400,000 waliondoka, wakiwemo wale wa Thessaloniki. Miaka 20 baadaye, kati ya Machi na Agosti 1943, Wanazi waliwasafirisha Wayahudi wapatao 46,000 kwa treni kwenda Auschwitz. Wengi wao hawakurudi.

Mgeni anayetembea leo katikati ya mji haoni dalili nyingi za watu hao barabarani. Huwaona zaidi mezani.

Asubuhi huanza na koulouri, mkate mwembamba wa duara uliojaa ufuta, unaouzwa kwenye vigari vya mitaani na kuliwa mtu akitembea. Aliyefika Istanbul atautambua mara moja kuwa ni ndugu wa simit. Mwenye nafasi ya kuketi huagiza bougatsa. Mpishi huukandika unga, akaurusha na kuutanua mezani mpaka uwe mwepesi kama karatasi, akaukunja juu ya maziwa mazito yaliyopikwa kwa semolina, akauoka. Hukatwa vipande vidogo kwa kisu kizito na kunyunyiziwa sukari na mdalasini. Ipo pia ya jibini na ya nyama ya kusaga. Chakula hiki kilishamiri mjini kwa mikono ya wakimbizi wa mwaka 1923, na jina lake linatokana na poğaça ya Kituruki, ambayo nayo ina asili ya Kiitalia. Mchana kuna soutzoukakia, vidonge virefu vya nyama vyenye bizari nyembamba na kitunguu saumu katika mchuzi wa nyanya, ambavyo Wagiriki wenyewe huviita vya Smirna, yaani İzmir ya leo.

Loukoumades zitamshangaza mgeni kutoka pwani ya Afrika Mashariki au Ghuba, kwani ni kaimati: vidonge vya unga uliochachuka, vikakaangwa na kutiwa asali. Majina yote mawili yanarudi kwenye neno moja la Kiarabu lenye maana ya tonge, moja likiwa limepitia Uturuki na jingine Ghuba. Usiku wa manane, wafanyakazi wa zamu na waliotoka kwenye starehe hukutana kwenye migahawa ya patsas, supu ya utumbo inayotiwa siki, kitunguu saumu na pilipili. Kome wa ghuba hupikwa na wali. Jambo moja la kuangalia: gyro ya hapa kwa kawaida ni nyama ya nguruwe, na baadhi ya wapishi wa patsas hutia miguu ya mnyama huyo. Asiyeila aulize kwanza, au aagize kotopoulo, yaani kuku.

Kahawa ya sufuria ndogo, yenye machicha chini ya kikombe, huitwa ya Kigiriki Thessaloniki na ya Kituruki ng'ambo ya mpaka. Tofauti ni ya siasa kuliko ya ladha. Frappé, kahawa ya unga inayotikiswa kwa maji baridi mpaka ifanye povu, ilizaliwa hapa katika Maonyesho ya Kimataifa ya mwaka 1957, wakati mfanyakazi wa Nescafé, Dimitris Vakondios, alipokosa maji ya moto. Mwaka 2021 UNESCO iliupokea mji katika mtandao wake wa miji bunifu kwa upande wa mapishi.

Mahali bora pa kuyaona hayo yote ni masoko mawili yanayokaribiana. La Kapani lina jina la Kituruki lililokuwa na maana ya mahali pa kupimia unga. Humo zeituni, samaki na viungo hunadiwa kwa sauti. La Modiano, lenye paa la kioo, lilichorwa na msanifu Myahudi Eli Modiano katika miaka ya 1920 na kufunguliwa upya mwaka 2022 baada ya ukarabati. Limekuwa safi na la gharama zaidi, na waliolizoea la zamani wana haki ya kulikumbuka.

Swali la nini kionyeshwe na nini kifunikwe halijaisha. Ujenzi wa reli ya chini ya ardhi, ulioanza mwaka 2006, ulifukua barabara ya marumaru ya zama za Bizanti kwenye stesheni ya Venizelos. Wanaakiolojia na wananchi walipinga mpango wa kuing'oa. Hatimaye iliondolewa vipande vipande na kurudishwa, na tangu Novemba 2024 abiria huitazama wakisubiri treni. Chuo Kikuu cha Aristotle, kwa upande wake, kimesimama juu ya makaburi ya Kiyahudi yaliyovunjwa Desemba 1942, ambayo mawe yake yalitumika kujengea mjini. Mnara wa kumbukumbu uliwekwa hapo mwaka 2014 tu.

Mgeni mwenye siku mbili aitumie ya kwanza ufukweni na sokoni, kuanzia Mnara Mweupe, ambao zamani ulikuwa gereza. Ya pili apande Ano Poli, mji wa juu ulionusurika moto wa 1917, wenye vichochoro na nyumba za mbao zilizochomoza ghorofani. Upande wa mashariki, mbali kidogo na katikati ya mji, upo Yeni Cami, msikiti uliokamilika mwaka 1902 kwa ajili ya jamii ya Wayahudi waliosilimu. Wakimbizi walilala ndani yake baada ya 1923, kisha ukawa makumbusho ya mambo ya kale. Aprili 2024 sala ya Idi ilisaliwa humo kwa mara ya kwanza baada ya takriban miaka 100. Siku nyingine mlango wake hufunguliwa kwa maonyesho ya sanaa.