Mkao wa Setilaiti

Wengi wakisikia neno la Kiingereza "attitude" hufikiria mtazamo au tabia ya mtu. Mhandisi wa setilaiti anamaanisha jambo jingine kabisa: jinsi chombo kilivyogeuka, kamera ikielekea wapi na paneli za jua wapi. Mahali chombo kilipo ni suala la obiti. Kwa Kiswahili, neno linalofaa zaidi ni mkao.

Msimamo ungefaa pia, lau usingebeba maana ya kutulia tuli. Setilaiti haitulii hivyo. Landsat 8, iliyorushwa na Marekani Februari 2013, huizunguka Dunia kwa takriban dakika 99. Ili iendelee kutazama chini, lazima nayo igeuke mzunguko mzima katika muda huohuo, mithili ya mchezaji anayewazunguka wapiga ngoma bila kuwapa mgongo. Ikiinama digrii moja tu, huko juu kilomita 705, italenga sehemu iliyo kilomita 12 hivi kutoka ile iliyokusudiwa. Na pikseli zake nyingi zina upana wa mita 30!

Njia rahisi ya kushika mkao ni kukizungusha chombo chenyewe. Setilaiti ya Uhuru, iliyorushwa tarehe 12 Desemba 1970 kutoka jukwaa la San Marco karibu na Malindi, ilijizungusha taratibu huku ikisaka miali ya eksirei angani. Explorer 1 ya mwaka 1958 haikubahatika hivyo. Ilikuwa nyembamba, ndefu, ikizunguka kwenye mhimili wake mrefu. Antena zake laini zikawa zinapindapinda na kula nishati, mara chombo kikageuka na kuzunguka kiubavuubavu.

Lakini setilaiti inayopiga picha za Dunia hutumia magurudumu ya mwitikio, yaliyofungwa ndani ya chombo. Gurudumu likizungushwa kulia, chombo hugeuka kushoto. Kamera za nyota ndizo zinazopima mkao. Lakini misukumo midogo ya hewa hafifu na mwanga wa jua hujilimbikiza, gurudumu likazidi kasi hadi kikomo. Hapo tunaweza kusema limeshiba. Koili za sumaku husukumana na uga wa sumaku wa Dunia ili gurudumu lipunguze mwendo.

Tena gurudumu lisilo na uwiano kamili hutetemesha chombo. Mkao unaweza kuwa sahihi kabisa, na picha bado ikatoka na ukungu.