Sukari guru: kwa nini ni nyeusi, na imetoka wapi?

Mapishi mengi ya keki za kigeni yanataka sukari ya kahawia iliyokoza. Kwetu Pemba, kitu cha karibu na hicho ni sukari guru, lile donge gumu la kuvunjavunja kabla ya kutia kwenye uji au kashata. Wengi hulisifu kuwa ni "sukari ya asili", na wapo wanaokwenda mbali zaidi wakasema hata mwenye kisukari hana haja ya kuliogopa. Je, ni kweli? Hebu tuanze na jina.

"Sukari" tumeipata kwa Waarabu, nao wakaipata kwa Waajemi, lakini mzizi wake ni neno la Kisanskriti, "sharkara", yaani changarawe. "Guru" ni "gur" ya Bara Hindi, inayotokana na "guda", yaani donge. Kwa hiyo jina lina changarawe na donge ndani yake, na kumbe tofauti ya sukari zetu mbili iko papo hapo.

Kiwandani, maji ya miwa huchemshwa mpaka punje za sukari zianze kuota. Halafu mashine inayozunguka kwa kasi hutenga punje hizo na molasi, ule utomvu mweusi unaonata. Hiyo ndiyo changarawe. Sukari guru haitengwi. Maji ya miwa huchemshwa, povu likaenguliwa, yakawa mazito, yakamiminwa na kuganda. Molasi yote imebaki ndani, na moto wa sufuria umezidisha weusi.

Sasa, nani alikuwa akiupepea moto huo? Karne ya 19, Pemba ilishika karafuu, hasa baada ya kimbunga cha 1872 kuangusha mikarafuu ya Unguja na kuiacha ya Pemba kwa sehemu kubwa. Miwa ilishamiri upande wa bara, kwenye bonde la mto Pangani, na sukari yake ikasafirishwa kwa majahazi kwenda Unguja na Uarabuni. Abushiri bin Salim, aliyeongoza vita dhidi ya Wajerumani mwaka 1888 na kunyongwa mwaka uliofuata, alikuwa na shamba la miwa huko.

Waliofanya kazi katika mashamba hayo walikuwa watumwa. Na hapa kemia inaingia. Muwa ukishakatwa haungoji: sukari yake huanza kuvunjika, na kila saa inayopita ni hasara. Karafuu ikishachumwa na kuanikwa inaweza kukaa ghalani. Muwa lazima ukamuliwe na kuchemshwa haraka. Mwenye shamba alitaka watu wasioweza kusema "nimechoka, tutaendelea kesho". Kwa hiyo wapo waliotoroka wakaanzisha vijiji vyao vya watoro. Unguja na Pemba, utumwa ulifutwa kisheria mwaka 1897.

Turudi jikoni. Molasi ina asidi kidogo, ndiyo maana sukari guru hufanya kazi vizuri na magadi soda: hutoa gesi, keki ikaumuka. Pia ina glukosi na fruktosi zinazoshika unyevu, kwa hiyo keki haikauki upesi. Halua nyeusi ya Oman nayo hupikwa kwa sukari isiyosafishwa, na ladha yake nzito inatoka humo humo kwenye molasi.

Ama madini, yapo, lakini ni machache mno kwa kiasi tunachokula. Sehemu kubwa ya donge lile bado ni sukari ile ile inayopandisha sukari ya damu. Weusi wake unakwambia tu kwamba molasi haikutolewa. Itumie kwa ladha na kwa ulaini wa keki. Ila bibi mwenye kisukari akiambiwa hii haina neno, anadanganywa: kwake, kijiko cha guru kihesabiwe kama kijiko cha sukari.