Honda Fit (kizazi cha kwanza)
Honda Fit ya kizazi cha kwanza ni gari dogo lililoanza kuuzwa Japani mwaka 2001. Ulaya huitwa Honda Jazz. Injini yake ya lita 1.3 ina silinda nne lakini plagi nane, na fundi asiyejua hubadilisha nne za mbele tu. Giaboksi ya CVT hutaka oili yake maalumu. Ikichakaa, gari hutetemeka linapoondoka.

Hatari kubwa ni mifuko ya hewa iliyotengenezwa na Takata. Nitrati ya amonia iliyomo huharibika kwa miaka mingi ya joto na unyevu, hali ya kawaida Mombasa na Dar es Salaam. Mfuko ukifyatuka, kopo la chuma huweza kupasuka na kurusha vipande. Honda iliagiza vibadilishwe, lakini mnunuzi wa gari lililotumika huenda asipate taarifa. Namba ya chesisi huangaliwa katika tovuti ya Honda Japani.