Kilichouzwa Sinza

Nyumba yetu ya Sinza, Dar es Salaam, imeuzwa mara mbili, na mara zote mbili ardhi iliyo chini yake haikuuzwa. Ndivyo makaratasi yanavyosema. Mkataba wa kwanza wa mauziano unataja msingi, kuta zilizofika kwenye linta na choo cha nje. Wa pili unataja vyumba vinne, bati na mwembe. Kiwanja hakikutajiwa bei. Mwaka 1963 serikali ilifuta umiliki wa ardhi wa kudumu. Kilichobaki kuuzwa kihalali ni maendelezo, yaani jasho lililo juu ya ardhi.

Sinza yenyewe ilizaliwa kwa mkopo. Katika miaka ya 1970, kwa fedha za Benki ya Dunia, serikali ilipima viwanja Sinza, Kijitonyama na Mikocheni, ikachonga barabara na kuleta mabomba, kisha ikamwachia kila mtu ajijengee. Manzese, jirani yetu, ilijengwa kwanza ikatafutiwa njia baadaye. Viwanja vya Sinza vililengwa kwa watu wa kipato cha chini, na Benki ya Nyumba ilikuwepo ya kuwakopesha. Lakini saruji haikuwasubiri. Viwanja vingi vikahamia kwa wenye uwezo. Karatasi zetu ni ushahidi mdogo wa hilo: aliyepewa ofa aliishia kwenye linta, akauza.

Aliyenunua akaezeka, akahamia, kisha akamuuzia baba. Fedha za baba zilikuwa mshahara wake. Za mama zilikuwa maandazi ya kila alfajiri, na ndizo zilizoweka dari, sakafu na uzio. Katika mkataba, jina la mama lipo mahali pa shahidi.

Sheria ya Ndoa ya 1971 inakataza nyumba ya wanandoa kuuzwa bila ridhaa ya mwenza. Mwaka 1983, katika kesi ya Bi Hawa Mohamed na Ally Sefu, Mahakama ya Rufani ilikubali kwamba kazi za nyumbani za mke ni mchango katika kupata mali ya ndoa. Bi Hawa mwenyewe hakuambulia kitu, ila waliofuata walipata pa kushika.

Sheria ya Ardhi ya 1999 ikaja kutamka kwamba ardhi ina thamani. Sinza ilikuwa imeshalijua hilo. Leo mtaa wetu ni gesti, baa na fremu za maduka, na nyumba za familia zinahesabika. Mnunuzi aliyeletwa na dalali hakuingia ndani. Alihesabu hatua za upande wa barabarani, akauliza gari la mchanga litapita wapi. Ataibomoa nyumba. Zamani karatasi ilihesabu kuta ikaacha ardhi. Sasa inahesabu ardhi na kuacha kuta. Jasho la mama limo kwenye kuta.

Baba anataka kuuza. Amechoka na muziki wa usiku, na bei ni nzuri. Sisi watoto tumegawanyika. Mwanasheria ameandaa rasimu ya mkataba wa tatu, yenye mstari wa mama chini ya maneno “mke wa muuzaji, ameridhia.”

Mama amekataa kusaini hapo. Hakatai kuuza. Anataka aandikwe muuzaji.