Akili mnemba haijui 'saa mbili' ya Kiboriloni mpaka iandikiwe

Soko la Kiboriloni, pale Moshi kwenye barabara ya kuelekea Himo, linajulikana kwa mitumba. Chukua mfano wa muuzaji wa hapo aliyefungiwa msaidizi wa akili mnemba kwenye WhatsApp ili ampokelee oda. Mteja wa Rombo anaandika: "Niwekee belo la sweta za watoto, nakuja kesho saa mbili."

Msaidizi anaandika kwenye mfumo: 02:00. Yaani saa nane usiku. Mfumo unasubiri saa moja, hauoni mtu, unafuta oda. Asubuhi mteja anashuka kwenye Noah, belo limeshanunuliwa na mwingine. Nauli imekwenda na biashara imeharibika.

Watu watasema akili mnemba haijui Kiswahili. Mara nyingi tatizo si hilo. Tatizo ni maelezo ya zana iliyopewa: yaliandikwa "muda" tu, basi.

Zana ni nini hapa?

Modeli ya lugha yenyewe haigusi daftari wala pesa. Inapewa orodha ya zana, na kila zana ina jina, maelezo na vigezo vya kujaza. Modeli inasoma orodha, inachagua, inaandika ombi. Programu ya kawaida ndiyo inayotekeleza. Kampuni ya OpenAI ilifungulia watengenezaji programu utaratibu wa aina hii Juni 2023. Novemba 2024 Anthropic ikatoa MCP, utaratibu wa wazi wa kuunganisha modeli na zana za nje.

Msaidizi wa namna hii huitwa wakala. Kwa Mtanzania wakala ni yule wa kibanda cha kutoa na kuweka pesa, na kusema kweli ulinganisho hauko mbali: wote wanatumwa na mtu, na wote wakikosea namba, pesa inakwenda kwingine.

Jambo la kushika ni kwamba kwa kawaida modeli haioni kodi iliyo ndani ya zana. Inachojua ni yale maelezo. Ni kama kijana mpya dukani aliyeachiwa karatasi moja na bosi amezima simu.

Maelezo mabovu na mazuri

Mabovu: "tafuta_mzigo: inatafuta mzigo." Hayo yamerudia jina tu.

Mazuri: "Inatafuta mabelo yaliyopo stoo sasa hivi, ambayo hayajauzwa wala kuwekewa oda. Itumike mteja anapouliza kama bidhaa ipo au bei yake. Haiweki oda, kwa oda tumia weka_oda. Bei ni shilingi za Tanzania kwa belo zima, si kwa kipande. Orodha ikirudi tupu, bidhaa haipo stoo. Mtandao ukikatika utarudi ujumbe wa kosa."

Ni marefu, lakini kila sentensi inazuia kosa moja. Ile ya mwisho husahaulika sana, na bila hiyo msaidizi anaweza kumwambia mteja "mzigo umeisha" kumbe ni intaneti imekata.

Vigezo navyo vinataka maelezo yake. Kwa muda wa kuchukua mzigo: "Andika kwa mtindo wa saa 24, saa za Afrika Mashariki. Saa mbili asubuhi ni 08:00. Saa mbili usiku ni 20:00. Mteja asipotaja asubuhi au usiku, muulize kabla ya kuweka oda." Kwa namba ya simu: "Tarakimu 12 zinazoanza na 255, mteja akituma 07 au 06, ondoa sifuri na uweke 255." Na kwa bei, neno "shilingi" peke yake halitoshi. Mpaka wa Holili hauko mbali, na shilingi moja ya Kenya ni zaidi ya kumi za Tanzania.

Maneno ya wateja yaingizwe pia. Kama wengine wanasema belo na wengine robota, maelezo yaseme ni kitu kimoja.

Zana zinazofanana huleta mkanganyiko. Ukiwa na tafuta_mzigo na angalia_stoo zinazofanya kazi karibu ileile, modeli itabahatisha. Afadhali kuziunganisha. Tena maelezo hayo hutumwa kwenye modeli pamoja na mazungumzo, na maneno hulipiwa, kwa hiyo hadithi zisizohitajika zinakula hela.

Maelezo si kufuli

Kuandika "usirudishe zaidi ya 50,000 bila ruhusa ya mwenye duka" kunasaidia, ila modeli inaweza kupitiliza. Kikomo cha pesa lazima kiwe ndani ya programu yenyewe, ikatae. Na zana za kuchukua kwa watu wengine zisomwe kwanza: mwaka 2025 watafiti wa usalama walionyesha kwamba mtu anaweza kuficha amri ndani ya maelezo ya zana, na modeli ikazifuata huku mwenye simu haoni kitu.

Kujaribu si kazi kubwa. Zinachukuliwa meseji kama 20 za wateja wa kweli, majina na namba zikiwa zimefutwa, pamoja na zile za mkato na zenye makosa, zinapitishwa kwa msaidizi kwenye stoo ya majaribio. Panapochaguliwa zana isiyo yake au saa isiyo yake, maelezo ndiyo ya kuangaliwa kwanza kabla ya kulipia modeli ya bei kubwa zaidi.