Kutoka Laptopu ya Ahadi Hadi Tableti ya Lazima: Historia Fupi kwa Mzazi wa Suneka

Leo naacha kidogo mambo ya kuandika programu nizungumzie jambo ambalo huulizwa kila Januari nikiwa nyumbani Suneka. Mzazi ananionyesha orodha ya mahitaji ya shule. Kuna sare, kuna karatasi za chooni, kuna kamusi, halafu chini kabisa kuna neno moja: tableti. Swali ni lile lile: "Wewe umesomea kompyuta, ninunue gani?"

Kabla ya kujibu huwa napenda kurudi nyuma kidogo. Hili neno tableti halikuanguka tu kwenye orodha. Lina historia ndefu, na ukiijua hutapoteza pesa zako kirahisi.

Wazo lilianza na kibodi

Mwaka 1972 mwanasayansi wa kompyuta wa Marekani, Alan Kay, alichapisha wazo la mashine aliyoiita Dynabook. Ingekuwa bapa, nyepesi, mtoto angeweza kuibeba kama daftari. Wakati huo kompyuta nyingi zilikuwa kubwa kama kabati, kwa hiyo haikuwezekana kuiunda. Lakini angalia mchoro wake: chini ya kioo kuna kibodi. Kay alitaka mtoto aandike programu zake mwenyewe, achore, atunge muziki. Alikuwa amevutiwa na kazi ya Seymour Papert, ambaye pamoja na wenzake walitengeneza Logo mwaka 1967, lugha ya programu ya kufundishia watoto.

Kwa hiyo wale tunaoweza kuwaita mababu wa tableti ya shule walimfikiria mtoto kama mtengenezaji. Kumfanya msomaji na mtazamaji tu hakukuwa lengo lao. Shika hilo, tutalihitaji mbele.

Laptopu ya dola 100

Novemba 2005, kwenye mkutano wa Umoja wa Mataifa mjini Tunis, Nicholas Negroponte alionyesha laptopu ya kijani kibichi yenye mkono wa kuzungusha ili kuzalisha umeme. Mradi uliitwa One Laptop per Child, na bei iliyoahidiwa ilikuwa dola 100. Husimuliwa kwamba mkono ule ulimkatikia Kofi Annan pale pale jukwaani. Mashine zilipoanza kutengenezwa mwaka 2007 mkono haukuwepo tena kwenye mwili wa laptopu, na bei ilikuwa karibu dola 200.

Majirani zetu Rwanda waliingia mradi huo mwaka 2008, na kwa miaka iliyofuata waligawa zaidi ya laptopu 200,000. Peru waligawa nyingi zaidi. Mwaka 2012 watafiti wa benki ya maendeleo ya nchi za Amerika walitoa ripoti kuhusu shule 319 za vijijini huko Peru: watoto walijua kutumia mashine vizuri, lakini alama zao za hisabati na lugha hazikupishana na za wenzao wasiokuwa nazo. Somo likawa kwamba kumpa mtoto mashine hakutoshi. Walimu, masomo yenyewe na matengenezo vina uzito wake.

Wakati huo huo, mwaka 2008, Ureno ilianza kuwapa watoto wa shule za msingi laptopu ndogo iitwayo Magalhães, iliyotengenezwa na kampuni ya JP Sá Couto kwa kufuata muundo wa Intel. Kumbuka jina hilo la kampuni, litarudi Kenya.

Hapa kwetu

Wengi hudhani habari ya kompyuta shuleni Kenya ilianza na siasa za 2013. Sivyo. Shirika la Computers for Schools Kenya lilianza mwaka 2002, likikusanya kompyuta zilizokwisha tumika, kuzikarabati na kuzipeleka shuleni. Serikali nayo ilitoa mkakati wa TEHAMA katika elimu mwaka 2006. Mwaka 2009 nyaya za SEACOM na TEAMS zikafika Mombasa kupitia baharini, na intaneti ikaanza kuachana na setilaiti. Mpaka hapo picha ya kila mtu ilikuwa ni maabara: chumba kimoja, mashine za mezani, na mlango wenye kufuli kubwa.

Kisha ukaja uchaguzi wa Machi 2013. Muungano wa Jubilee wa Uhuru Kenyatta na William Ruto uliahidi kwamba kila mtoto anayeingia darasa la kwanza, kuanzia 2014, atapata laptopu. Magazeti yetu yakatufundisha neno kipakatalishi. Mimi nilikuwa sekondari wakati huo na tulicheka kwa wivu, maana sisi tulikuwa tunagombania kibodi moja watu watatu.

Zabuni ya kwanza ilikwenda kwa kampuni ya Olive Telecommunications ya India, kwa takriban shilingi bilioni 24.6. Wapinzani wakakata rufaa, na mapema mwaka 2014 bodi inayoshughulikia malalamiko ya ununuzi wa umma ikaifuta. Mwaka wa ahadi ukapita bila mashine.

Mradi ulipofufuka ulikuwa umebadilika sura. Duniani kote upepo ulikuwa umegeuka. Apple ilikuwa imetangaza iPad Januari 2010, na baada ya miaka michache tableti za Android za bei nafuu zilikuwa zimejaa sokoni. Tableti ina vipande vichache vinavyosogea, betri yake hudumu, na ni rahisi kuipa ganda gumu la kuhimili kuanguka. Kwa mtoto wa miaka 6 asiyejua kuandika bado, kugusa ni rahisi kuliko kuchapa. Basi laptopu ya ahadi ikawa tableti.

Safari hii kazi ilipewa vyuo vikuu viwili pamoja na kampuni za nje: Chuo Kikuu cha Moi na ile JP Sá Couto ya Ureno, na Chuo Kikuu cha Jomo Kenyatta na Positivo BGH. Mwaka 2016 majaribio yalifanyika katika shule 150, halafu ugawaji ukaenea nchi nzima. Kufikia 2019 zaidi ya vifaa milioni 1 vilikuwa vimefika katika zaidi ya shule 21,000 za msingi. Kando ya hapo, shule nyingi sana za vijijini ziliunganishwa na umeme kwa sababu ya mradi huu. Hilo ni jambo kubwa na huwa halisemwi vya kutosha.

Lakini masomo ya kwanza ndani ya zile tableti yalikuwa ya darasa la kwanza na la pili, na yaliandaliwa kabla mtaala mpya wa umilisi, CBC, haujaanza kutumika nchi nzima mwaka 2019. Mtaala ukabadilika, tableti zikabaki na ya zamani. Mwaka huo huo wa 2019 serikali ikasema itaelekea kwenye maabara za kompyuta. Halafu Machi 2020 shule zikafungwa kwa sababu ya korona. Tableti ambazo zingeweza kumsaidia mtoto akiwa nyumbani zilikuwa mali ya shule, na nyingi zilibaki zimefungiwa stoo.

Unaona mzunguko? Maabara, laptopu, tableti, kisha maabara tena. Sasa mzigo umehamia kwa mzazi, hasa mwenye mtoto katika shule ya kibinafsi.

Hata Los Angeles walikwama

Usidhani ni sisi tu. Mwaka 2013 shule za umma za Los Angeles, Marekani, zilianza mpango wa kumpa kila mwanafunzi iPad. Ndani ya wiki chache wanafunzi walikuwa wamekwepa vizuizi na kuingia Facebook. Pia ikabainika kwamba mitihani ya kompyuta iliyokuwa inakuja ilihitaji kibodi, ambayo ingenunuliwa kando. Mwaka 2014 mkataba ulisitishwa, na baadhi ya sekondari zikaruhusiwa kujaribu laptopu. Wale wana fedha na mafundi, na bado walinunua kifaa kabla ya kuuliza kitafanya kazi gani.

Kisa cha dada yangu

Sasa turudi Suneka, kilomita chache kutoka Kisii mjini kwenye barabara ya Migori. Dada yangu ana mtoto aliyeingia Gredi ya 7. Shule yake, ambayo sitaitaja, iliandika tableti. Dada alikuwa ameweka shilingi 20,000 za ndizi na parachichi, na alijua wazi kwamba mashine ya pili haitapatikana mpaka mtoto amalize Gredi ya 9. Mtoto mwenyewe anataka kujifunza kuandika programu. Ndiyo, najua nani alimwambukiza.

Nilimwambia dada, kabla ya kwenda dukani, aende kwa mwalimu wa darasa na maswali matatu. Tableti itatumika kufanya nini? Kuna programu maalum ya shule? Je, inakaa shuleni au inarudi nyumbani? Majibu: kusoma vitabu vya PDF na kujibu maswali kupitia kivinjari, hakuna programu maalum, inarudi nyumbani kila jioni.

Kwa majibu hayo tulitafuta laptopu ndogo inayokunjika nyuma mpaka ikawa kama tableti, yenye kioo cha kugusa. Zipo nyingi Kisii, zilizotumika ng'ambo: HP ProBook x360 11 na Lenovo Yoga 11e ni mifano miwili. Zilitengenezwa makusudi kwa ajili ya shule, zina kingo ngumu, na sasa zinauzwa kama mitumba kwa bei ya tableti mpya ya wastani. Ofisi ya shule ilikataa mwanzoni kwa sababu karatasi ilisema tableti. Dada aliibeba hadi pale, akaikunja mbele yao, akafungua kitabu cha hisabati. Wakaikubali.

Kama majibu yangekuwa tofauti, ushauri wangu ungekuwa tofauti pia. Shule ikiwa na programu inayofanya kazi kwenye Android tu, nunua tableti ya Android, usibishane. Mtoto akiwa Gredi ya 2, tableti inatosha kabisa.

Namna ya kuchagua

Basi, haya ndiyo ninayowaambia jirani zangu:

1. Uliza kazi kwanza, kifaa baadaye. Kusoma na kutazama video, tableti inaweza. Kuandika insha ndefu, majedwali na programu kunahitaji kibodi. Tangu 2022 serikali imeidhinisha masomo ya kuandika programu kwa shule za msingi na sekondari, kwa hiyo kibodi si anasa tena.

2. Ukinunua laptopu ya mitumba, uliza kizazi cha prosesa. Microsoft iliacha kutoa msaada wa kawaida kwa Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025, na Windows 11 inakataa prosesa nyingi za zamani. Kwa Intel Core ni kizazi cha 8 kwenda juu. Muuzaji akikupa ya zamani kwa bei nzuri, usikimbie. Inaweza kuwekwa Linux, kwa mfano Mint, na ikafanya kazi za shule bila shida.

3. Chromebook za mitumba zina tarehe ya mwisho ya masasisho. Itafute kwenye mipangilio kabla ya kutoa pesa.

4. Kwa tableti, angalia toleo la Android, RAM isiyopungua GB 4, na kama kibodi ya Bluetooth inashika. Kioo kikivunjika, je, kipo Kisii? Kwa tableti zisizo na jina, mara nyingi jibu ni hapana.

5. Fikiria umeme. Mvua yetu ya alasiri inakuja na radi, na stima hupotea. Tableti unaweza kuichaji kwa power bank au sola ndogo. Laptopu nyingi za zamani haziwezi, kwa hiyo pima betri dukani: ichomoe chaja, ikae nusu saa, uone imeshuka kiasi gani. Na radi ikianza, chomoa kila kitu ukutani.

6. Weka masomo ndani ya mashine. Bando huisha. Vitabu, kamusi na video zihifadhiwe humo humo ili mtoto asome hata mtandao ukiwa umelala.

Walimu pia wanasoma hapa, kwa hiyo neno moja kwao. Mkiandika orodha ya mwaka ujao, andikeni kazi badala ya kifaa: "kifaa kinachofungua PDF na kivinjari". Mstari huo mmoja unamwachia mzazi nafasi ya kununua kile atakachomudu, au kutumia kile ambacho tayari kipo nyumbani.

Alan Kay alikuwa anamfikiria mtoto anayetengeneza vitu, miaka zaidi ya 50 iliyopita. Ukiwa dukani na pesa zako za jasho, muulize muuzaji akufungulie mahali pa kuandika, uchape sentensi mbili. Kama hata wewe mtu mzima unapata taabu kuzichapa, mtoto wako naye atapata taabu hiyo kwa miaka 3.

Haya, tukutane tena. Nachaji laptopu kabla stima haijapotea.